Vidonge Ndani ya Kopo la Kimbo

Homa Bay,
16 Februari 1997

Mong'ina,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama utakuwa umezistahili. Sasa hivi nina hasira. Kerosi, yule dereva wa lori la samaki wa omena, ndiye aliyeniambia kwamba una mimba ya miezi minne. Alikuwa amesimama dukani kwetu akichagua betri za tochi, akasema tu, "Yule rafiki yako wa Sori amekuwa mzito, na dispensari yao haina hata kidonge kimoja." Ilibidi nimuulize mara mbili. Miaka mitatu tulipanga nyumba moja hapa Homa Bay, ukuta kati yetu mwembamba kiasi kwamba mumeo Mosoti akipiga chafya namjibu kutoka kwangu, na leo habari zako naletewa na dereva.

Basi nisikilize. Mwaka wa tisini na tano mimi ndiye niliyekupeleka hospitali. Mtoto alikwama, akatoka amekwisha kufa, na wewe ukatokwa na damu mpaka nikadhani nitarudi nyumbani na maiti mbili. Mume wangu Yakub alilazwa kitandani akatolewa damu yake ukatiwa wewe. Mpaka leo nakutania kwamba wewe ni Msabato mwenye damu ya Mwislamu. Lakini utani unaniisha nikikumbuka daktari alivyosema siku tulipokuwa tunatoka. Alisema ukishika mimba nyingine usije kwake na damu kidogo namna ile, kwa sababu damu ya kuongezewa haipatikani, na hata ikipatikana siku hizi kila mtu anaiogopa kwa ajili ya ugonjwa huu. Damu yako uitengeneze mwenyewe, mapema, kwa chakula na kwa vidonge. Ulikuwa umelala nusu, labda hukusikia. Mimi nilisikia.

Nimempa Kerosi bahasha mbili. Vidonge vyekundu thelathini ni vya chuma, ndivyo vya kuongeza damu. Vile vidogo vya njano, thelathini pia, ni vitamini inayoitwa foliki, inasaidia damu na inasaidia mtoto aumbike vizuri. Kimoja kimoja kila siku, ukishakula. Usiniulize nimevitoa wapi, nina mtu wangu kliniki.

Sisi hatujambo. Ramadhani ya mwaka huu ilinichosha kuliko zote, lakini imepita. Hadiya ameingia darasa la tatu na anajifanya mwalimu wa nyumba nzima.

Haya, salamu sasa. Nyingi.

Wako,
Kaltum


Sori,
27 Februari 1997

Mpendwa Mama Hadiya,

Nimepokea barua yako na nimeisoma nikiwa nimekaa, maana kwa hasira ile ningeanguka. Nisamehe. Mama mkwe wangu, Mama Nyamusi, amekuja kutoka Kisii kukaa nasi mpaka nijifungue, naye anasema mimba haitangazwi kabla haijajitangaza yenyewe. Sikumwambia Kerosi. Ana macho tu.

Bahasha zote mbili zimefika. Asante sana. Nimeanza kumeza jioni hiyo hiyo. Mama Nyamusi ana maneno yake, anasema vidonge hivi vinamnenepesha mtoto tumboni halafu anakataa kutoka. Amezalisha wanawake wengi kwao na husema kwamba waliotumia vidonge ndio waliompa kazi. Mimi nampa heshima yake na naendelea na vidonge vyangu.

Sori ni jua na omena. Tumekodi kibanda karibu na ufuo, Mosoti ananunua omena za kukausha na kupeleka Kisii, mimi nauza mahindi na maharagwe kwa wavuvi. Harufu imenizoea. Siku ya Sabato tunakutana watu kumi na wawili chini ya mabati ya jirani, tunaimba mpaka wavuvi wanatuuliza kama kuna harusi.

Msalimie Baba Hadiya. Mwambie damu yake bado inatembea vizuri.

Ni mimi,
Mong'ina


Homa Bay,
30 Machi 1997

Mong'ina,

Bahasha nyingine mbili hizi hapa, thelathini na thelathini. Safari hii nina maagizo pia. Muuguzi wa kliniki, Sista Marcella, ni mwanamke mrefu asiyecheka, na anasema hivi: vidonge usimeze kwa chai, kwa sababu chai inaviharibia kazi. Najua nyinyi Wasabato mnasema hamnywi chai, lakini mimi nilikuwa jirani yako. Meza kwa maji, au kwa chungwa ukilipata. Na ile odowa uache. Najua mate yanakutoka ukiona jiwe hilo sokoni, hata mimi nilipokuwa na mimba ya Hadiya nilikuwa nikitafuna kama mbuzi, lakini Sista anasema udongo unazuia chuma kisiingie kwenye damu.

Mama Nyamusi umheshimu, sawa. Lakini mwambie mimi nimeona kwa macho yangu kilichokuua nusu, na hakikuwa kidonge.

Duka linaenda. Nimekuwa mvivu, nakaa kwenye gunia la sukari na kumwachia Yakub ngazi. Ananiambia nimenenepa. Mwanamume akikaa na mke miaka kumi na miwili anaona mambo ambayo hakuulizwa.

Mimi nimelelewa Isiolo kwa maziwa na nyama, sina matatizo. Wewe jitunze.

Kaltum


Sori,
20 Aprili 1997

Mpendwa Mama Hadiya,

Vidonge vya pili vimefika salama. Vinanikaa vizuri kabisa, havinisumbui hata kidogo. Namshukuru Mungu na wewe.

Mvua imeanza na omena hazikauki, kwa hiyo Mosoti amekuwa na uso mrefu. Mimi niko sawa. Nachoka tu. Kutoka ziwani mpaka nyumbani ni hatua mia mbili na siku hizi napumzika mara tatu na ndoo yangu, moyo unapiga kama nimekimbizwa. Dada wa dispensari alinivuta ukope wa chini akasema ndani ni peupe. Vidonge bado hawana, wala hawana kipimo cha damu, ila ana macho kama Kerosi. Nilimwambia vidonge ninavyo, akasema vizuri, endelea.

Mtoto anacheza. Huyu anacheza kuliko yule wa kwanza. Wakati mwingine naweka mkono juu yake na ninamwomba asikue haraka.

Odowa nimeipunguza.

Wako,
Mong'ina


Homa Bay,
11 Mei 1997

Mong'ina,

Mwezi huu nimekutumia nusu tu, kumi na tano na kumi na tano. Usiniulize kwa nini.

Barua yako ya mwisho haikunifurahisha. Mtu anayemeza vidonge tangu Februari hapaswi kupumzika mara tatu na ndoo moja. Kwa hiyo nina swali, na usione haya, kwa sababu mimi nimekufulia mashuka ya siku ile na hakuna kitu chako nisichokijua. Tangu uanze vidonge, choo chako kikoje? Nataka kujua rangi. Nijibu kwa ukweli na Kerosi akirudi Alhamisi ijayo anipe jibu mkononi, asilitupe kwa Yakub.

Hadiya anakusalimu. Anauliza kama mtoto wako atakuwa na damu ya baba yake pia. Nimemwambia akaoge.

Kaltum


Sori,
18 Mei 1997

Mpendwa Mama Hadiya,

Kweli wewe hukosi maneno. Nimecheka mpaka Mama Nyamusi akaja kuuliza kuna nini, na nikashindwa kumwambia kwamba kuna mtu Homa Bay anayetaka habari za choo changu.

Basi usiwe na wasiwasi. Choo changu ni kizuri. Rangi ni ile ile ya siku zote, ya kawaida kabisa, hakuna damu wala nini. Vidonge havijanibadilisha kitu. Nimeona niseme wazi ili ulale vizuri.

Nusu imefika. Usijisumbue sana kwa ajili yangu, Mama Hadiya. Hata hivi ulivyonipa vinatosha.

Ni mimi,
Mong'ina


Homa Bay,
24 Mei 1997

Mong'ina,

Wewe ni mwongo.

Nitakueleza nimejuaje, halafu na mimi nitasema uongo wangu, maana sitaki kukutukana nikiwa nimejificha.

Tarehe nane mwezi huu Sista Marcella alinipima damu. Ndiyo, mimi. Nina mimba, Mong'ina, sasa ni miezi sita. Sikukuambia kwa sababu baada ya Hadiya nimepoteza mbili, unazijua zote mbili, na safari hii niliapa kwamba hakuna atakayejua ila Yakub mpaka tumbo liseme. Kipimo kilisoma saba. Mwanamke mjamzito anatakiwa kuwa na kumi na moja. Sista akaniuliza, "Vidonge unameza?" Nikasema nameza. Akauliza, "Choo chako kina rangi gani?" Nikasema cha kawaida, na nikaona nimejibu vizuri. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, hakuna mtu duniani anayemeza chuma kila siku na choo chake kikawa cha kawaida. Kinakuwa cheusi. Hivyo vidonge unampa nani?"

Nilikuwa nakupa wewe. Ni vyangu, vya kadi yangu ya kliniki, vya kila mwezi. Nilijiona mwanamke mwenye nguvu, niliyekua kwa maziwa, niliyembeba Hadiya bila kidonge hata kimoja. Nilisema mimi navihitaji vya nini na kule Sori kuna mtu aliyekwisha kufa nusu mara moja. Yakub hajui kwamba nilivitoa. Tangu siku ile nameza nusu niliyobakiza, na siku ya tatu tu choo kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria. Ndipo nikakuuliza wewe. Sikukuuliza ili nikutege. Nilitaka unijibu cheusi, nilale.

Ukajibu cha kawaida kabisa, na ukafurahi nacho.

Sasa niambie vidonge vyangu viko wapi. Umevitupa ziwani? Umempa kuku? Mtoto wangu amekaa tumboni miezi mitatu bila kitu kwa ajili yako, na wako pia hakupata. Kwa hiyo havijamsaidia mtu yeyote. Nikiwaza hivyo nashindwa hata kula.

Kaltum


Sori,
1 Juni 1997

Mama Hadiya,

Sikutupa hata kimoja. Kerosi atakupa kopo la mafuta ya Kimbo, nimelifunga kwa kitambaa. Ndani kuna vyekundu sabini na vitano na vya njano sabini na vitano. Kila jioni baada ya kula nilichukua viwili mkononi, Mosoti akiwa ananitazama, nikatoka nje kwa maji, na huko nyuma nikavitia kwenye kopo chini ya gunia la mahindi. Mosoti anaamini nameza. Ni mimi tu na Mama Nyamusi tuliojua.

Lakini usimlaumu yeye. Nataka ujue kwa nini. Wewe unakumbuka damu ya siku ile. Mimi siikumbuki damu, nilikuwa nimezimia. Mimi nakumbuka kabla ya damu. Nakumbuka siku mbili za kusukuma mtoto asiyetoka. Walimpima alipotoka, kilo nne na nusu, wakasema alikuwa mkubwa kwangu. Kwa hiyo Mama aliposema vidonge vinamkuza mtoto, alikuwa anasema jambo nililokuwa naliogopa hata kabla yeye hajaja. Wewe uliogopa damu yangu, mimi niliogopa ukubwa wa mtoto. Nilitaka awe mdogo, atoke tu, aishi. Na sikuweza kukuandikia hivyo kwa sababu ulikuwa unafurahi kunisaidia.

Hakuna aliyeniambia una mimba. Kama ningejua ni vyako ningetembea kwa miguu mpaka Homa Bay kuvirudisha. Vyote hivyo hapo, meza wewe. Tafadhali meza leo leo.

Nisamehe kama unaweza.

Mong'ina


Homa Bay,
4 Juni 1997

Kwa shemeji Mong'ina,

Ni mimi Yakub ninayeandika. Kaltum hawezi kushika kalamu kwa sasa, lakini yu hai na anatoa amri, kwa hiyo usiogope kuliko inavyopaswa.

Ijumaa tarehe thelathini alianguka dukani akiwa kwenye mizani. Tumemlaza hospitali. Kipimo chake kilikuwa sita na nusu. Mambo yote ya vidonge nimeyajua kitandani kwake, na nimekasirika na nyinyi wawili kwa usawa, sitaki kuficha. Mimi nina duka. Ningenunua vidonge vya kutosha wilaya mbili kama mtu angeniambia.

Nilitoa mkono nitolewe damu. Wakapima, wakasema haioani na ya kwake. Damu yangu iliyokufaa wewe haimfai mke wangu. Nilikaa kwenye benchi nikalia, sikumbuki mara ya mwisho nilipolia. Sista Marcella akaja akaniambia niache, bado kuna miezi miwili na nusu, daktari hataki kumwongezea damu kama anaweza kuitengeneza mwenyewe. Sasa anameza vyekundu vitatu kwa siku na kimoja cha njano, na anakula maini na mboga asizozipenda, mimi nikiwa nimesimama.

Kopo lako limefika. Kaltum amelishika mikononi muda mrefu, halafu akaniambia niandike maneno haya kama anavyoyasema: "Kopo linarudi. Yakub amekwisha kuninunulia vyangu. Hivi ni vyako. Mwambie kwamba Marcella amesema kidonge hakimfanyi mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi. Yule wa kwanza alikuwa mkubwa kwa sababu nyingine, na wewe hukufia ukubwa wake, ungefia damu. Mtoto wa mama asiye na damu anaweza kuzaliwa mdogo, ndiyo, lakini mdogo wa kuogopesha. Na wewe mwenyewe hutakuwa na cha kupoteza ukianza kutokwa. Una wiki sita. Meza kimoja asubuhi, kimoja jioni, mtu akikutazama. Nataka shahidi aweke sahihi kwenye barua."

Mwisho wa maneno yake. Alipomaliza akalala.

Shemeji yako,
Yakub


Sori,
15 Juni 1997

Mpendwa Mama Hadiya,

Ni cheusi.

Sijawahi kufurahi hivi kuandika jambo kama hili. Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, ya tatu nikatoka chooni nikicheka peke yangu. Tumbo linaniuma kidogo na mdomo una ladha ya msumari, lakini nameza.

Kopo liliporudi nilimsomea Mama Nyamusi barua ya Baba Hadiya, kwa lugha yetu ya Ekegusii, neno kwa neno. Nilipofika pale alipoanguka kwenye mizani akanizuia. Akauliza, "Huyo mwanamke alikuwa na mimba yake, akakupa dawa yake?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena kama nina hakika. Kisha mchana mzima akawa anachambua maharagwe ambayo nilikuwa nimekwisha kuyachambua. Jioni tulipomaliza kula alikwenda mwenyewe chini ya gunia, akatoa kopo, akanimiminia maji kwenye kikombe. Akasema mtu hajinyimi kitu mpaka anaanguka halafu kiwe ni sumu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeshika kopo. Hata Mosoti haruhusiwi kuligusa. Nilimweleza Mosoti yote na hajanisemesha vizuri kwa wiki moja, ila naona ananiletea machungwa.

Odowa sasa nimeacha kweli. Ile barua ya Aprili, nilipoandika nimeipunguza, nilikuwa natafuna.

Nitakuja Homa Bay mwishoni mwa mwezi. Nimeambiwa nisijifungulie hapa na sitabisha. Kama utanikubali nitalala kwenye chumba cha Hadiya.

Mong'ina

Shahidi wa kumeza: Nyamusi, hajui kuandika, ameweka kidole gumba.


Hospitali, Homa Bay,
14 Julai 1997

Kwa Mosoti,

Msomee Mama barua hii kabla hujaenda kwenye omena zako.

Tumepata msichana, jana Jumapili saa tisa mchana. Yu hai. Mimi ni mzima pia. Nilipoingia walipima damu yangu ikawa tisa, na Sista Marcella akasema tungekuwa na kumi na moja kama ningeanza Februari, lakini tisa si saba. Baada ya mtoto damu ilitoka nyingi tena. Niliwaona wakikimbia, nikasikia mmoja anauliza kama kuna ndugu wa kutoa damu. Halafu ikakatika. Niko dhaifu, kusimama siwezi bila mtu, lakini hakuna aliyetolewa damu kwa ajili yangu safari hii.

Mtoto ana kilo mbili na gramu mia nne. Nilitaka awe mdogo, na nimempata. Sista hakunipongeza. Alisema angependa awe na tatu, na ndio maana anamlaza kifuani kwangu ndani ya nguo mchana na usiku ili apate joto. Nikimtazama mikono yake naona nilichomfanyia. Ananyonya vizuri lakini anachoka haraka.

Mama Hadiya amenishika mkono muda wote, na tumbo lake likiwa mbele yake. Mwambie Mama kopo ninalo.

Mke wako,
Mong'ina


Sori,
20 Julai 1997

Kwa Kaltum, mke wa Yakub,

Mimi ni Nyamusi, mama yake Mosoti. Mosoti ndiye anayeandika. Nasema kwa Ekegusii naye anageuza kwa Kiswahili, kwa hiyo kukiwa na kosa ni lake.

Mwanangu, hatujaonana. Nimezalisha wanawake thelathini na saba kwa mikono hii na sikupoteza wengi. Waliokufa walikufa kwa damu. Sikuwahi kufikiri kwamba damu inaweza kuwekwa mapema kama mahindi kwenye ghala. Nilifikiri ni bahati ya mtu. Nilimwambia mke wa mwanangu asimeze, na mjukuu wangu amezaliwa na uzito wa kuku wawili. Nasema hivi mwenyewe kabla mtu hajanisemea. Mosoti hataki kuliandika, nimemwambia aandike.

Wewe bado hujazaa. Mong'ina ananiambia sasa unamwangalia yeye, unampikia uji, unambebea mtoto. Nakujua bila kukuona. Mtu aliyetoa vyake mara ya kwanza anaweza kutoa mara ya pili. Kwa hiyo nina swali, nawe usione haya kwa mwanamke mzee.

Choo chako kina rangi gani?

Nijibu kwa ukweli.

Nyamusi (kidole gumba)


Homa Bay,
21 Agosti 1997

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Nilikuwa nazaa.

Ni mvulana, amezaliwa tarehe kumi na tano, kilo tatu, sauti yake inasikika mpaka sokoni. Yakub amemwita Ahmednur. Niliingia hospitali na damu ya kumi na nusu. Sista Marcella alikiangalia kipimo, akakiangalia tena, na nadhani alicheka, ingawa alikuwa amegeukia dirisha. Nilipoteza mimba mbili kabla ya huyu, Mama, na nilipomsikia akilia nilimwomba Yakub atoke nje, kwa sababu nilikuwa nalia kuliko mtoto.

Swali lako lilisomwa mbele yangu na mbele ya Mong'ina na Hadiya, na Hadiya bado analirudia kwa wageni. Jibu langu ni cheusi. Kimekuwa cheusi tangu mwezi wa tano.

Kesho Mong'ina anarudi kwenu na msichana. Sasa ana kilo tatu na robo na mashavu yameanza kuonekana. Mbebe, lakini nawa mikono kwanza. Kerosi amekubali kuendesha polepole, nimemtisha.

Kopo la Kimbo liko kwenye kikapu, limejaa tena. Sista anasema mama anayenyonyesha, hasa aliyetokwa na damu, aendelee kumeza kwa miezi mitatu. Mong'ina anasema amepona na vinatosha. Nimeyasikia maneno hayo kabla. Kwa hiyo nakukabidhi wewe kopo, si yeye. Mpe maji, simama mbele yake mpaka ameze, na baada ya siku tatu umuulize.

Akikujibu ni cha kawaida, niandikie siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Kaltum

Shahidi: Hadiya Yakub, darasa la tatu. Nimemwona mama akimeza.